Utafiti wa usonji: kaeni na walezi kabla ya kuandika bajeti

Watu wa vyuo wana kawaida moja mbaya. Wanaandika pendekezo la utafiti, wanapata fedha, ndipo wanaanza kutafuta "ushiriki wa jamii". Kufikia hapo ratiba imeshafungwa, nauli haikuwekwa, na kilichobaki kwa mama ni kutia saini fomu ya ridhaa.

Chukua mafunzo ya stadi za walezi ya Shirika la Afya Duniani, ambayo yamefanyiwa utafiti Kenya na Ethiopia. Ni ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano) au ucheleweshaji mwingine wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wawezeshaji si lazima wawe wataalamu bingwa. Kwenye karatasi ni mepesi. Ukifika kijijini, tuseme huko Kilifi, pwani ya Kenya, maswali yanaanza. Siku ya soko ni ipi? Ijumaa mchana nani atakuja? Mtoto ambaye shule imemkataa atabaki na nani? Nauli ikilipwa mwisho wa mwezi, mlezi anayepanda bodaboda kutoka mbali ataacha mapema, halafu ripoti iseme hakuwa na ari. Mlipeni siku hiyohiyo, na awepo mtu wa kushika watoto.

Ziara za nyumbani ndizo huharibika zaidi. Gari lenye nembo ya mradi likisimama mlangoni, mtaa mzima umejua, na kuna familia ambazo hazijawaambia hata wakwe.

Lakini ni nyumbani pia ndipo zoezi hupimwa kweli. Mtoto akifundishwa kunawa mikono, kazi huvunjwa vipande: fungua bomba, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, funga, futa. Sasa nyumba ina ndoo na kata. Mkono mmoja ukimimina, mikono haiwezi kusuguana, kwa hiyo orodha nzima inavurugika. Ama mtu mwingine amimine, ama kifungwe kibuyu chirizi, yaani dumu linalomwaga maji ukikanyaga kijiti. Mama afanye hatua zote, amwachie mtoto ya mwisho tu, kujifuta. Akiiweza, aongezewe iliyo kabla yake. Orodha hiyo aipange mama mwenyewe. Msaidizi wa utafiti hajui ndoo inakaa wapi.

Dodoso nalo lisomwe na walezi kwanza. Swali la kumtazama mtu machoni lina utata pale ambapo mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa.

Kuhusu kundi la kulinganisha, yaani walezi wanaosubiri mafunzo ili matokeo yapimwe dhidi yao: gawanyeni makundi kwa bahati nasibu kijiji kwa kijiji, si mtu mmojammoja, maana majirani hufundishana kisimani na matokeo yote yanachanganyika. Na kundi linalosubiri lipewe tarehe yake ya kuanza mafunzo, huku fedha zake zikitengwa tangu mwanzo. "Baadaye" ikiandikwa bila fungu, mradi hufungwa kabla zamu yao haijafika, na mtafiti atakayefuata hatafunguliwa mlango.