Jinsi Nilivyoizoea Mistari Miwili ya Mithila

Nilipokuwa nikisoma India, nilitumia likizo moja katika kijiji cha Jitwarpur, wilayani Madhubani, jimbo la Bihar, nikijifunza uchoraji ambao wanawake wa eneo la Mithila wamerithishana, mama kwa binti, vizazi na vizazi. Nilidhani kilicho kigumu ni rangi. Kumbe ni mstari.

Mama aliyenipokea hakutumia penseli wala kifutio. Kwanza alinifundisha kuandaa karatasi kwa kuipaka maji ya kinyesi cha ng'ombe yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha kuianika mpaka ikawa na rangi ya udongo. Hatua hiyo ina maana yake, kwa kuwa sanaa hii ilizaliwa kwenye kuta za udongo, hasa katika kohbar, yaani chumba cha maharusi, ambako huchorwa mayungiyungi, mianzi, samaki na kasuku ili kuwaombea wanandoa heri na uzazi. Tetemeko la ardhi la Januari 1934 lilipobomoa nyumba, William Archer, ofisa Mwingereza aliyekuwa akikagua uharibifu, aliikuta michoro hiyo kwenye kuta zilizobaki wazi, akaipiga picha. Kuhamia karatasini kulitokana na janga jingine: ukame wa miaka ya 1966 na 1967, ambapo Bodi ya Kazi za Mikono ya India ilimtuma msanii Bhaskar Kulkarni awahimize wanawake kuchora kwenye karatasi ili wapate kipato. Mmoja wa wachoraji hao, Jagdamba Devi wa Jitwarpur, alitunukiwa Padma Shri, nishani ya taifa la India, mwaka 1975.

Kila umbo huzungukwa na mistari miwili sambamba, na uwazi ulio katikati yake hujazwa vistari vya mshazari. Kwa siku kadhaa mistari yangu iligongana na kuachana, na wino wa masizi ukatuama kila nilipositasita. Mama alitazama mkono wangu kwa muda mrefu kabla ya kusema neno. Nilikuwa nikiukodolea macho mstari, naye akanitaka niutazame ule uwazi. Nikiupinda mkono kwenye kona, naye akaigeuza karatasi sakafuni, mkono wangu ukabaki umetulia. Baada ya hapo nilichora magamba ya samaki asubuhi hadi jioni, gamba baada ya gamba.

Jioni alinisimulia habari za Ganga Devi, bingwa wa mtindo wa kachni unaotegemea mistari myembamba, ambaye alichora hata safari yake ya Marekani na matibabu yake ya saratani. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mstari hutangulizwa: anayeumudu anaweza kuchora jambo ambalo bibi zake hawakuwahi kuliona.

Siku ya mwisho nilimkabidhi samaki wangu. Akamkagua, akaweka kidole kwenye pengo dogo chini ya mkia, kwa kuwa katika michoro yao hakuna nafasi inayoachwa tupu. Nikaketi tena sakafuni, nikachora ua.