Jinsi Nilivyochagua Picha 18 Kati ya 3,412

Kwa miaka miwili nilikuwa nikienda ufuo wa Dunga, nje kidogo ya Kisumu, kuwapiga picha wavuvi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, na akina mama wanaowaanika na kuwauza samaki hao. Nilipopewa nafasi ya kuonyesha kazi hiyo katika ukumbi mmoja mdogo mjini, nilielezwa kwamba ukuta ungetosha picha 18. Nilikuwa na picha 3,412 na wiki saba za kujiandaa.

Mchujo wa kwanza ulinichukua jioni mbili tu, kwa kuwa picha yenye ukungu au ya mtu aliyefumba macho hujiondoa yenyewe. Machweo yalinichelewesha zaidi. Jua likizama katika Ghuba ya Winam hupendeza karibu kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo picha yake haisemi lolote kuhusu siku yoyote. Nikayaondoa yote kumi na moja.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika picha moja ya usiku. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa kuwa wavuvi huwavuta kwa mwanga wa taa zinazoelea juu ya maji. Usiku huo nilikuwa ndani ya mtumbwi, mvua ikatunyeshea, nikatapika mara tatu, na nikarudi alfajiri na picha moja iliyonusurika. Kila nilipopanga orodha niliiweka ya kwanza. Mtu mwingine angeona nini pale? Bega la mvuvi na doa la mwanga, basi. Mawimbi, baridi na hofu yangu havikuwemo katika picha. Vilikuwa kichwani mwangu.

Nilikumbuka habari za Garry Winogrand, mpiga picha wa Marekani, ambaye alikuwa akiziacha filamu zake mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuzisafisha, ili hisia za siku aliyopiga zisimwamulie ipi ni nzuri. Mimi sikuwa na mwaka. Nilichapisha picha 90 zilizosalia kwa ukubwa wa postikadi, nikazifungia sandukuni kwa wiki tatu bila kuzigusa, kisha nikazitandaza sakafuni na kuigeuza kifudifudi kila picha ambayo nilijikuta nikitaka kuieleza kwa maneno ndipo ieleweke. Zilibaki 31, na ile ya usiku ilikuwa miongoni mwa zilizogeuzwa, ingawa niliigeuza mwisho kabisa, na kwa shingo upande.

Hizo 31 nilizipeleka Dunga kwa mama mmoja muuza omena ambaye alikuwa amenivumilia tangu siku ya kwanza. Alizipitia polepole, akaishika moja ambayo nilikuwa karibu kuitupa, ya mikono ikichambua omena juu ya wavu ili kutoa vijiti na makombe. "Hii ndiyo kazi yetu, mwanangu," akasema. Kisha akaweka kando picha niliyoitegemea sana kwa uzuri wa mwanga wake, ya mwanamke aliyelala mchana juu ya magunia. "Huyu alikesha akingoja mitumbwi. Watu wa huko mjini watasema ni mvivu."

Nilitaka kumjibu kwamba ningeandika maelezo chini yake, lakini nilikumbuka kanuni niliyojiwekea mwenyewe sakafuni. Nikaiondoa, na naamini hata leo kwamba nilifanya vema, kwani mwanga mzuri haunipi haki ya kumvunjia mtu heshima.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya kulinganisha picha mbili mbili: zikisema jambo moja, moja ilitoka. Mahali pa ile picha ya usiku niliweka picha ya karabai iliyozimwa asubuhi, kioo chake kimejaa masizi na wadudu waliokufa, ambayo niliipiga nikisubiri chai bila kuifikiria. Katika maonyesho nilisimama pembeni nikaona wageni wakiinama kuwatazama wadudu hao, wakaulizana taa ile iliwaka saa ngapi.

Picha ya mtumbwini ninayo nyumbani, ndani ya droo. Mvuvi mwenye lile bega nilimchapishia nakala yake, naye aliitambua mara moja.