Usinihesabie madoa, niambie yako wapi

Watu wakisikia nina MS (multiple sclerosis) swali la kwanza karibu kila mara ni "una madoa mangapi kwenye ubongo?" na mi huwa najibu ubongo wangu wala sio tatizo sana, tatizo liko shingoni na kidogo mgongoni. Hapo ndo mtu anakutolea macho. Anaona naburuza mguu wa kulia, anaangalia shingo, haoni hivi vitu vinaingiliana vipi. Siwalaumu, manake hata vipeperushi vingi vya kuelimisha kuhusu MS vinakuwekea picha ya ubongo, ubongo, ubongo, halafu uti wa mgongo unatupiwa sentensi moja kule chini.

Kwa ambao ni wageni kabisa, MS ni kinga ya mwili wako inayogeuka kushambulia mishipa yako ya fahamu, ule msemo wa kikulacho ki nguoni mwako hapa umefika penyewe. Inabandua mayelini, yaani tabaka la mafuta linalozunguka neva na kufanya ujumbe ukimbie. Ikishabanduka ujumbe unakwenda kwa kujikokota au unapotelea njiani, na pale palipoumia panabaki kovu, ndo hilo linaloonekana kama doa kwenye picha ya MRI (ile mashine ya sumaku). Sio ugonjwa wa juzi, Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza vizuri tangu 1868 kule Paris, na leo watu kama milioni 2.9 duniani wanaishi nao, wengi wao wanawake.

Sasa nikisema uti simaanishi mifupa. Namaanisha ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili, kuanzia chini ya ubongo mpaka karibu na kiuno. Kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 45 hivi na unene wake ni kama wa kidole cha mwisho, basi. Na humo humo ndo kila kitu kinapita, amri zote za kutembea na kushika zinashuka, habari zote za joto, baridi, maumivu, mguu uko wapi, kibofu kimejaa, zinapanda. Ubongo ni uwanda mpana, shimo likitokea hapa watu wanazunguka pale wanaendelea na safari, lakini uti ni daraja, na shimo dogo kwenye daraja linasimamisha kila mtu. Ndo maana unakuta mtu ana madoa kibao kichwani na hajui mpaka apigwe picha kwa sababu nyingine kabisa, na mwingine ana moja la milimita chache tu shingoni na kifungo cha shati kinamshinda.

Langu la shingoni daktari alinionyesha kwenye skrini. Uti unaonekana ni mstari wa kijivu umeshuka katikati ya picha, na usawa wa C3, yaani pingili ya tatu ya shingo, kuna kadoa keupe, hakafiki urefu wa pingili moja, kamekaa upande wa kulia. Nilitegemea kitu kikubwa, kwa mambo kanayofanya! Akanieleza kwamba huo ndo mtindo wa MS kwenye uti, madoa mafupi, yanakaa pembeni pembeni, hayalingani kushoto na kulia. Doa likiwa refu kupita pingili tatu au zaidi wanaanza kufikiria ugonjwa mwingine unaitwa NMO, nao wa kinga kushambulia uti na neva za macho, ambao kingamwili yake iligunduliwa 2004 na unapimwa kwa damu, na ni muhimu kutofautisha mapema kwa sababu baadhi ya dawa za MS zinaufanya NMO uwe mbaya zaidi. Kwahiyo daktari akikupima damu mara hiki mara kile, vitamini B12, kingamwili, virusi, usione anakupotezea muda. Upungufu wa B12 peke yake unaweza kuharibu uti ukadhani ni kitu kingine.

Halafu kuna jambo lililonishangaza kuliko yote na hakuna aliyeniambia mapema. Mguu wangu dhaifu ni wa kulia, lakini mguu usiosikia joto ni wa kushoto. Mwanzoni nilidhani nachanganyikiwa. Kumbe njia za amri za kutembea zikishafika kwenye uti zinashuka upande ule ule wa mguu, na za kujua mguu uko wapi nazo zinapanda upande huo huo, ila njia za joto na maumivu zinavuka kwenda upande wa pili mara tu zinapoingia kwenye uti. Kwahiyo doa moja la kulia linachukua nguvu ya mguu wa kulia na joto la mguu wa kushoto. Bafuni maji nayapima kwa mkono kwanza, halafu mguu wa kulia, wa kushoto hauna kura kabisa. Na huo wa kulia unajua moto na baridi vizuri tu lakini haujui uko wapi, ndala inachomoka naendelea kutembea mpaka nikiangalia chini ndo naona mguu uko peku, ndala iko kule nyuma mlangoni. Gizani ni balaa zaidi, manake macho ndo yalikuwa yanausaidia, nikifumba macho kuosha uso nashika ukuta.

Shoti ya shingo wengi mnaijua hata kama hamjui jina lake. Unainamisha kidevu kifuani, unafunga kamba ya kiatu au unaangalia simu, ghafla umeme unashuka kutoka shingoni kupitia mgongoni mpaka miguuni, sekunde moja mbili umeisha. Inaitwa ishara ya Lhermitte, kwa jina la daktari mwingine Mfaransa aliyeiandika miaka ya 1920 (hawa Wafaransa na MS wana historia ndefu). Inatisha kuliko ilivyo na madhara, ni neva zilizobanduliwa zikivutwa kidogo zinapiga kelele. Ila kama ni mara ya kwanza kaonwe, manake diski iliyotoka shingoni na hiyo B12 pia vinaleta.

Doa langu jingine liko kwenye uti wa usawa wa kifua na hilo ndo linaniletea kitu wanachokiita mkumbatio wa MS. Aliyekipa jina hilo nadhani hajawahi kukumbatiwa vizuri maishani mwake. Ni mkanda usioonekana umefungwa chini ya matiti, unakazwa taratibu, pumzi inakuwa fupi, nguo yoyote unataka kuitupa, saa nyingine nusu saa, saa nyingine siku nzima inakwenda hivyo. Kinachonisaidia mimi ni kukaa wima, kupumua polepole na kubadilisha nguo, wengine wanavaa nguo ya kubana makusudi ili ubongo upate habari nyingine ya kushughulika nayo. Lakini sikiliza, maumivu ya kifua usiyoyazoea usiyaite mkumbatio wewe mwenyewe nyumbani, nenda wakuangalie moyo kwanza.

Tuje kwenye kibofu, ambacho watu wanakizunguka zunguka hawataki kukitaja. Ukiwa na doa kwenye uti mara nyingi kibofu nacho kinaguswa, na kinachokera ni kwamba kinafanya vitu viwili vinavyopingana. Kinakuambia mkojo sasa hivi, sio dakika tano zijazo, sasa hivi, unakimbia (kama kukimbia ni kwako), unafika, unakaa, hakitoki kitu, au yanatoka matone halafu kinafunga. Ni kwamba misuli ya kibofu inasukuma na mlango wa kutokea nao unabana kwa wakati mmoja, uratibu wao umekatika huko njiani. Mkojo unaobaki ndani ndo unakuwa kiota cha bakteria. Wanapima kirahisi tu, unakojoa halafu wanapitisha altrasaundi tumboni kuona kimebaki kiasi gani, na kama ni kingi unafundishwa kujiwekea mrija mwembamba mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Najua, nilivyoambiwa nilikataa kata kata. Leo nakuambia ule mrija umenirudishia usingizi wa usiku kuliko dawa yoyote, unaingia, unatoa, unautupa, maisha yanaendelea, na hakuna anayejua. Wanaojinyima maji ili wasikojoe ovyo ndo naowaonea huruma zaidi, manake mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu, choo kinakuwa kigumu, tumbo lililojaa linakikandamiza kibofu, na unajikuta unakwenda chooni zaidi ya mwanzo.

Na UTI (ya mkojo, sio ya mgongo!) ndo inanipeleka kwenye joto. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliona hili 1890 kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia wakifanya mazoezi: neva iliyobanduliwa haivumilii joto. Mwili ukipanda hata nusu digrii tu, kwa homa, kwa maji ya moto, kwa jua, dalili za zamani zinafufuka zote. Mguu unakufa, mikono inazidi ganzi, unaapa umepata shambulio jipya. Mara nyingi sio. Shambulio la kweli ni dalili mpya au iliyozidi inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Ukipoa ukarudi kama ulivyokuwa basi ni joto tu, kovu la zamani limelalamika. Kwahiyo mguu ukinigomea ghafla kitu cha kwanza naomba ni kipimo cha mkojo, hata kama mkojo hauumi, manake mwenye uti ulioguswa anaweza asisikie ile hali ya kuchoma kabisa. Wakikimbilia kukupa steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na kinga), ile methilprednisoloni ya gramu 1 kwa dripu siku 3 hadi 5, na kumbe una maambukizi, umeyamwagia mafuta. Hata kwenye shambulio la kweli steroidi zinakuharakishia kupona tu, mwisho wa safari unabaki pale pale.

Mguu kukakamaa usiku nao upo, goti linajinyoosha lenyewe, wayo unapiga piga kitanda. Nameza baklofeni, dawa ya kulegeza misuli. Ila hapa kuna hesabu ambayo lazima uifanye na mtu wa fizio, kwa sababu ule ukakamavu unaouchukia ndo huo huo unaokusimamisha. Dozi ilivyopandishwa sana mguu ukalegea vizuri, usingizi mtamu, asubuhi nasimama goti linakunjika chini yangu. Tukashusha ya mchana tukaacha ya usiku. Na usije ukaiacha ghafla siku umechoka na vidonge, hiyo dawa inashushwa ngazi kwa ngazi, kuikatisha kunaweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwepo.

Kuhusu dawa za ugonjwa wenyewe sitasema mengi, zimekuwa nyingi tangu interferoni ya kwanza ilipoidhinishwa Marekani 1993, na 2023 Shirika la Afya Duniani lilitia tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kladribini, glatirameri na rituksimabu. Zote kazi yake ni kuzuia makovu mapya, kovu lililopo hazilifuti. Na hapa ndo swali la yako wapi linakuwa na uzito kuliko mangapi, manake mwenye madoa kwenye uti ana hatari kubwa zaidi ya kuja kupata ulemavu wa kutembea, na madaktari wengi wakiyaona wanaegemea kuanza dawa kali mapema badala ya kupanda ngazi taratibu. Doa moja jipya kwenye paji la ubongo unaweza ukaliona kwenye picha tu. Doa moja jipya C5 ni mkono.

Kinachoniuma ni kwamba mimi mwanzoni nilipigwa MRI ya kichwa peke yake, hospitali moja kubwa tu, nikaambiwa picha sio mbaya, huenda ni mawazo. Mguu ulikuwa unaburuzika wakati huo huo! Shingo ilipigwa baadaye sana na mtu mwingine aliyenigonga goti kwa kinyundo akaona mguu unaruka kupita kiasi, akakwangua wayo kidole gumba kikanyanyuka juu badala ya kujikunja, akasema hii sio ya mawazo. Ni kweli picha ya uti ni ngumu kupiga, moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, ukimeza mate tu shingo inacheza na picha inaharibika (wakikuambia usimeze mate ndo mdomo unajaa, ni sheria ya dunia). Lakini mwongozo wa 2017 wa kutambua MS, ule wa McDonald, ulishataja sehemu nne ambazo madoa yake yanahesabika na uti wa mgongo ulikuwa mojawapo. Sio ziada.

Ripoti yako ukiipata usiruke moja kwa moja kwenye hitimisho. Tafuta herufi na namba. C ni shingo, hapo mikono, miguu na kibofu vyote viko kwenye hatari. T ni kifua, hapo mikono inasalimika ila mkanda, miguu na kibofu ndo vinahusika. Angalia imeandikwa upande gani, kulia au kushoto, halafu linganisha na mguu wako, na kumbuka ule mchezo wa joto kuvuka. Na kama hakuna C wala T popote kwenye karatasi na wewe unaburuza mguu, rudi ukaulize shingo yako imepigwa lini.