Kitabu cha Adhabu

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha shule moja ya kata wilayani Bahi. Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa kinafanya mazoezi ya muheme kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari. Kwa Wagogo ngoma ile hupigwa na wanawake: mtu anaibana mapajani, anaipiga kwa viganja. Siku moja mpigaji wetu hakuja. Kijana wa kidato cha pili, aliyelelewa na bibi yake, akaichukua. Jamani, yule mtoto alikuwa na mikono! Hata wasichana waliacha kucheza wakamtazama.

Kesho yake wenzake wakambandika jina la Shangazi. Wiki haikuisha, akawa haendi tena chooni shuleni maana walimfuata hadi mlangoni. Alibana mpaka arudi nyumbani.

Mwalimu wa nidhamu akamleta ofisini, fimbo mkononi.

“Madam, huyu anatuharibia shule. Ana tabia za kike.”

Mkuu akatoa kitabu cha adhabu. Utaratibu unajulikana: mkuu aruhusu, viboko visizidi vinne, na kosa liandikwe. Nikaomba kalamu.

“Niandike kosa gani?”

“Utovu wa nidhamu.”

“Upi?”

“Si unamwona anavyotembea?”

“Kwa hiyo niandike ‘kutembea’?”

Hapo akataja sheria. Ni kweli, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, ni kikali, adhabu yake inafika kifungo cha maisha, na ukikitaja tu ofisi nzima inanyamaza. Lakini kinaadhibu tendo, na hakuna aliyedai kijana ametenda lolote. Alikuwa amepiga ngoma. Kama ni shoga au siyo, sikumuuliza. Kazi yangu ilikuwa asome, na aende chooni kwa amani kama wenzake.

Mkuu aliitazama ile safu ya kosa kwa muda. Nadhani alikuwa anamfikiria mkaguzi. Akafunga kitabu.

“Rudi darasani, mwanangu.”

Waliokuwa wakimfuata chooni niliwaitia wazazi. Darasani kwangu, kila mtu akawa anaitwa kwa jina la kwenye daftari la mahudhurio, basi.

Saa nne, kwenye chai, mwalimu wa nidhamu akanisogelea.

“Madam, hao wazungu wanakulipa shilingi ngapi?”

“Wangenilipa, ile elfu kumi yako ningekuwa nimesharudisha.”