Nilivyoacha kufukuzia laiki nikaanza kuhesabu "mnatuma mkoani?"

Nauza mashuka na foronya, mzigo nachukua Kariakoo, wateja wengi nawapata Instagram halafu tunamalizana WhatsApp. Kwa muda mrefu kila asubuhi kabla hata sijanawa uso nilikua naangalia wafuasi wameongezeka wangapi na posti ya jana ina laiki ngapi, zikiwa nyingi siku yangu inakua nzuri, zikiwa chache nashinda nimenuna, na hapo sijauza hata shuka moja.

Kilichonifungua macho ni video. Nilijirekodi natandika kitanda cha sita kwa sita, ile namna ya kukunja kona mpaka shuka linakaza kama la hotelini. Aisee watu waliitazama balaa, wafuasi wakapanda kutoka 2,100 mpaka zaidi ya 6,000 ndani ya wiki moja, nikaona ndo nimetoboa, nikakopa kwenye kikoba nikaongeza mzigo. Wiki ile niliuza mashuka manne wakati wiki ya kawaida nauza kumi mpaka kumi na tano. Mzigo ulikaa ndani karibu miezi miwili, kikoba wanataka marejesho, usingizi sina.

Nikaingia kwenye takwimu za akaunti, maana nilishaibadili kuwa ya biashara kwahiyo inaonyesha wafuasi wako miji gani. Nairobi na Mombasa ndo zinaongoza, Dar imeshuka. Hao walikuja kujifunza kukunja kona na wamejifunza, sina neno nao, ila mimi situmi mzigo nje ya nchi.

Basi nikanunua kaunta buku. Kwa wiki sita kila aliyelipa namuuliza, "dada angu samahani, hili shuka uliliona posti gani?" na kila anayenitafuta, alipe asilipe, naandika meseji yake ya kwanza kabisa ilikua inasemaje. Hapo ndo nikajifunza biashara upya. Anayeanza na "bei?" peke yake, katika ishirini wananunua wawili, labda mmoja. Ila anayeuliza "mnatuma Mbeya?" au "la tano kwa sita lipo?" zaidi ya nusu wanalipa, maana huyo kitanda chake anakijua na rangi ya ukuta anaijua, anachotaka ni mzigo umfikie.

Kingine ni seivu, yani mtu anaihifadhi posti yako ili airudie baadae. Nilikua na shuka la kijani kibichi, posti yake ilipata laiki 31 tu nikataka hata kuifuta, kumbe watu 58 wameiseivu! Ilipofika tarehe 26 oda zikaanza kuja zote za lile la kijani, mmoja akaniambia "nililiseivu tangu tarehe kumi nikawa nasubiri mshahara". Toka siku hiyo nikienda Kariakoo naongozwa na seivu, laiki hata siziangalii.

Kwahiyo sasa hivi nafuatilia vitu vichache tu, seivu za kila posti yenye bidhaa, meseji zinazotoka Insta, na oda zilizolipwa. Meseji nazijua kwa sababu linki ya WhatsApp nimeiwekea maneno tayari, mtu akibonyeza inakuja imeandikwa "Habari, nimetoka Instagram". Halafu kwenye WhatsApp Business natumia lebo, mteja mpya, anasubiri kulipa, amelipa, Jumapili jioni nahesabu naandika kwenye kaunta buku. Dakika ishirini zinatosha.

Kwenye matangazo ya kulipia ndo kulikua na maumivu zaidi. Unaambiwa umefikia watu elfu kadhaa, roho inafurahi. Sasa hivi nachukua hela niliyolipa nagawa kwa oda zilizolipwa. Tangazo la 20,000 likileta oda tano, kila oda imenigharimu 4,000, na shuka moja faida yangu ni kama 9,000, hapo nabaki na kitu. Likileta oda mbili ni 10,000 kila moja, yani nauza na bado nakula hasara, hilo nalizima siku hiyo hiyo.

Wafuasi sijasema hawana maana, mtu wa Songea hajawahi kuniona na matapeli wamejaa mtandaoni, lazima aangalie kama akaunti ina watu kabla hajatuma hela. Ila hiyo naitazama mara moja kwa mwezi, na nimegundua kinachomtoa wasiwasi zaidi ni komenti za waliopokea mzigo, ndo maana kila parseli ikifika namwomba mteja anitumie picha kitanda kikiwa kimetandikwa.

Mwezi uliopita la zambarau lilipata seivu nyingi nikachukua kumi na mbili, yaliisha kabla ya Jumapili. Kikoba nimeshamaliza na kaunta buku ya pili nimeianza.