Deni la Jirani Halilipwi Madhabahuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo yetu wiki hii ni Walawi 16:29-34 na Mathayo 5:23-24.

Walawi 16 tumezoea kuipitia mbio mbio mpaka kwa yule mbuzi wa Azazeli, tunasema amina, tunahamia Waebrania 9. Safari hii nawaomba tukae kidogo na wenyewe wenye siku hiyo. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Tangu hapo hakuna kuhani mkuu anayeingia Patakatifu pa Patakatifu, wala mbuzi anayepelekwa jangwani, lakini Wayahudi hawakuacha kuishika Siku ya Upatanisho. Na katika jinsi wanavyoishika kuna jambo ambalo sisi, nasema kwa heshima, tumelipa kisogo.

Wao huiita Yom Kippur. Ni tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, ambayo kwa kalenda yetu huangukia Septemba au Oktoba. Hufunga tangu jua linapokaribia kuzama mpaka usiku unapoingia siku inayofuata, yapata saa 25, bila chakula na bila tone la maji. Hawaogi, hawajipaki mafuta, mume na mke hujitenga, na viatu vya ngozi havivaliwi. Ndiyo maana sinagogini siku hiyo unaweza kumwona mzee wa heshima zake, kavaa nyeupe tupu, na miguuni ana raba za kitambaa. Kule Israeli uwanja mkuu wa ndege hufungwa, magari hupotea barabarani, na watoto huendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Hapa jirani, Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale, Uganda, ambao jamii yao ilianza na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao hufunga. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakawa wanasali kwa kujificha.

Ibada ni ndefu, karibu siku nzima. Maungamo husemwa kwa wingi: tumekosa, tumesaliti, tumenyang'anya, tumesingizia. Orodha imefuata alfabeti ya Kiebrania, herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa kila kosa mtu hujigonga kifua taratibu, hata kama kosa hilo yeye mwenyewe hakulifanya mwaka huo. Alasiri husomwa kitabu cha Yona, chote. Giza likiingia hupigwa pembe ya kondoo, watu wakatakiana heri, wakaenda kula.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Kazi nzito zaidi, kwa maoni yangu, hufanyika kabla yake.

Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa na Rabi Yehuda ha-Nasi karibu na mwaka 200, ina sehemu nzima juu ya siku hii. Karibu yote inaeleza kazi ya kuhani mkuu: anaoga mara ngapi, anavaa nini, kura inapigwaje juu ya mbuzi wawili. Kisha mwishoni kabisa linakuja tamko ambalo kila Myahudi aliyefundishwa dini yake analijua. Makosa ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho huyafunika. Makosa ya mtu na mwenzake, Siku ya Upatanisho haiyafuniki mpaka kwanza amridhishe mwenzake. Rabi Eleazar ben Azariah alilipata fundisho hilo katika Walawi 16:30, penye maneno "mbele za BWANA": kilicho mbele za Bwana peke yake ndicho siku hiyo inachokitakasa. Ulichomfanyia jirani kinabaki kwa jirani.

Kwa hiyo siku 10 kuanzia Mwaka Mpya wao hadi Siku ya Upatanisho ni siku za kuhangaika. Watu hupigiana simu, huandikiana, hugonga milango. Deni hulipwa. Ndugu waliokuwa hawasemeshani hutafutana.

Sasa fungueni Mathayo 5. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Tazameni nani ana neno juu ya nani. Mwenye sadaka ndiye aliyekosa. Anayedai ni yule aliyebaki nyumbani. Sisi andiko hili tumeligeuza likawa la mtu mwenye uchungu moyoni, tunamwambia asamehe ndipo atoe. Mahubiri yetu ya msamaha karibu yote humwelekea aliyeumizwa: samehe upone, samehe ubarikiwe, achilia. Aliyeumiza yeye amekaa benchi la mbele, kapiga magoti juzi, kalia machozi, na akiulizwa anajibu kwamba ameshamaliza na Mungu wake. Na jirani je? Yesu alikuwa Myahudi akisema na Wayahudi, na katika hili Mishna na Mahubiri ya Mlimani vinasema kitu kimoja.

Namna ya kwenda kuomba radhi imeandikwa kwa undani na Musa bin Maimun, yule mwalimu na tabibu aliyezaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Katika sheria zake za toba anasema kwamba hata kama ulimuudhi mwenzako kwa maneno matupu, huna budi kumwendea. Akikataa, urudi na watu watatu katika rafiki zake. Akikataa tena, urudi na wengine, na tena mara ya tatu. Akishikilia, muache uende zako, na sasa mwenye dhambi ni yeye. Lakini akiwa ni mwalimu wako, nenda hata mara elfu. Aliyekosewa naye anaonywa asiwe na moyo mgumu. Akiombwa kwa unyofu, asamehe. Nami nalipenda hilo la mwisho kwa sababu limewekwa mahali pake. Linakuja baada ya mkosaji kufika mlangoni.

Wala marabi hawakusema kwamba mambo haya ni mepesi. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina visa vyao wenyewe, na havipambwi.

Rav, ambaye jina lake hasa ni Abba, alikuwa kijana akisoma maandiko mbele ya Rabi Yehuda. Mzee mmoja akachelewa kuingia, Rav akarudia kutoka mwanzo kwa heshima yake. Akaingia wa pili, akarudia. Akaingia wa tatu, akarudia. Akaingia Hanina bar Hama, Rav akasema, nitarudia mara ngapi? Akaendelea mbele. Hanina akachukia. Kwa jambo dogo kama hilo Rav alimwendea kila siku ya kuamkia Yom Kippur kwa miaka 13, na Hanina hakuridhika. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kanisa hatashangaa sana.

Kisa cha pili kinamhusu huyu huyu Rav akiwa mtu mkubwa huko Babeli, na safari hii aliyekosa alikuwa mchinjaji mmoja. Ikafika siku ya kuamkia Yom Kippur, mchinjaji hakutokea kuomba radhi. Rav akasema, basi nitakwenda mimi. Njiani akakutana na mwanafunzi wake, Rav Huna, aliyemuuliza anakwenda wapi. Akajibu, kupatana na fulani. Huna akasema, Abba anakwenda kuua mtu. Rav akaenda hivyo hivyo. Akamkuta jamaa amekaa anapasua kichwa cha mnyama. Akainua macho akamwona. "Ni wewe, Abba? Nenda zako, mimi na wewe hatuna shughuli." Akarudia kazi yake. Kipande cha mfupa kikachomoka, kikampiga shingoni, akafa.

Rahisi kusema kwamba kiburi cha mchinjaji ndicho kilichomuua, tukasonga mbele. Lakini mimi hunasa kwenye maneno ya Huna. Aliona nini? Nadhani aliona mtu mkubwa akimwendea mtu mdogo kazini kwake, kisu kikiwa mkononi, bila kumwachia nafasi ya kujiandaa. Talmudi inakisimulia kisa hiki baada tu ya kumtaja Rabi Zeira, ambaye alikuwa na njia nyingine. Akikosewa na mtu, alikuwa akipitapita mbele ya mtu huyo, kwenda na kurudi kama mwenye shughuli zake, ili aonekane na yule apate upenyo wa kusema alilo nalo. Hakumlazimisha. Alijiweka karibu tu. Wazee wetu wanaotumwa kusuluhisha, wanaofika watu wanne na Biblia dukani kwa mtu saa sita mchana wateja wakiwa foleni, wangefaidika na somo la Rabi Zeira.

Halafu kuna hii radhi yetu ya jumla. Kila mwisho wa mwaka simu zinajaa: kama kuna yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kutokujua, naomba anisamehe. Inatumwa kwa watu 300 kwa mkupuo mmoja. Nasikia Wayahudi nao wana ujumbe wa namna hii siku hizi, na marabi wao wanaulalamikia. Kisheria haukidhi. Yule uliyemla fedha ya mchezo anaupata ujumbe sawasawa na mjomba wako ambaye hujawahi kumkosea hata kwa salamu.

Turudi kwa Yona, maana hakuwekwa alasiri ile kwa bahati. Mfalme wa Ninawi, katika Yona 3:8, anaamuru watu wageuke kila mmoja aiache njia yake mbaya, na udhalimu ulio mikononi mwao. Mikononi, marabi wakauliza, maana yake nini? Samweli, mwalimu mwenzake Rav, akajibu: hata kama mtu aliiba boriti akaijengea jumba zima, abomoe jumba, airudishe boriti kwa mwenyewe. Na hapo hapo Talmudi inamfananisha anayeungama bila kuacha na mtu anayejitosa kwenye birika la kutawadhia huku ameshika mtambaazi najisi mkononi. Hata maji yote ya dunia hayatamtakasa. Akimtupa, maji kidogo yanatosha.

Sheria ya Mishna haikudai jumba libomolewe. Iliamua mwizi wa boriti alipe thamani yake, ili mtu asikate tamaa ya kutubu kwa kuogopa hasara. Nakubaliana na uamuzi huo, lakini maneno ya Samweli yasitutoke. Aliyevuka mpaka wa shamba la mjane kwa hatua tano na kupanda migomba, migomba ikazaa, watoto wakasomeshwa kwayo, anaanza kurudisha kutoka wapi?

Na kama uliyemkosea amekwisha kufa? Musa bin Maimun anasema uchukue watu 10, uende nao kaburini, useme mbele yao: nimemtenda dhambi Bwana, Mungu wa Israeli, na fulani huyu, nilimfanyia hivi na hivi. Kosa linatajwa kwa jina lake. Kama ulikuwa na fedha yake, uwarudishie warithi. Kama huwajui warithi, uiache barazani kwa waamuzi, na kuungama uungame. Kwetu msibani kuna tangazo tulilolizoea, kwamba anayemdai marehemu awaone wafiwa. Ni desturi njema. Lakini husimama nani siku hiyo kusema kwamba yeye ndiye aliyedaiwa na marehemu? Tangazo la upande huo mimi sijalisikia.

Limebaki gumu kuliko yote: aliyeibia watu asiowajua. Mwenye duka aliyepunja mizani miaka mingi, mtoza ushuru aliyetoza zaidi ya kiwango. Talmudi inakiri wazi kwamba toba ya watoza ushuru ni ngumu kwa sababu hiyo. Jibu lake ni kwamba wale anaowajua awarudishie, na kilichobaki akitumie kwa mahitaji ya umma. Rav Hisda alipoulizwa ni mahitaji gani, akataja visima na mabirika ya maji, kwa kuwa kila mtu hutumia maji, na huenda aliyeibiwa naye akayafaidi.

Kwa mwanga huo someni upya Luka 19. Zakayo ni mkubwa wa watoza ushuru, Myahudi wa Yeriko, anayajua haya matatizo kuliko mimi na ninyi. Anaposimama anagawa mali yake mafungu mawili. Nusu anawapa maskini. Na kwa kila mtu aliyemnyang'anya kitu kwa hila, anarudisha mara nne. Sisi tumezoea kuiona nusu ile kama ukarimu wa mtu aliyefurahi. Mimi naona huenda alikuwa akipiga hesabu: hawa nawajua kwa majina, hawa siwajui. Yesu alikuwa bado hajatamka neno juu ya msamaha. Alikuwa amesema tu kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Neno la wokovu kufika nyumba hiyo linakuja katika mstari wa 9, baada ya hesabu hiyo kusemwa mbele ya watu.

Tukutane Jumatano saa kumi na moja jioni kama kawaida. Kila mmoja awe amesoma Luka 19:1-10 na Yona 3.