Mama wa sambaza na mikro yangu

Jana mwalimu wetu wa redio alitutuma ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu, kurekodi, mimi najiamini kabisa, nikaongea na mama mmoja wa kuuzisha sambaza (samaki wadogo) karibu dakika 15, mambo matamu kweli, lakini ekutere za kusikilizia sauti sikuvaa, nikasema itakuwa sawa tu. Kufika studio, weee! Ni upepo na pikipiki tu, sauti ya mama iko mbali kama ako ku kisiwa cha Idjwi 😭 Kumbe mikro unaileta karibu na mdomo, ngumi moja hivi, ekutere kwa masikio tangu mwanzo, na mbele ya kuondoka unarekodi sekunde 30 za kelele ya soko yenyewe bila kuongea na mutu, itakusaidia ku montaje, wakati wa kukata na kuunganisha sauti. Leo nimerudi, mama akacheka: "Mwanangu, tena?" Nikanunua sambaza kwanza.